Daftari la Majina ya Mashine

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, lililosomwa na Afisa wa Elimu, na kupigwa chapa kwa ajili ya wanafunzi wanaotaka kulisoma tena polepole.

Walimu wa madarasa, tafadhali waambieni wanafunzi wakae karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Somo letu la leo ni la historia. Si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya orodha ya majina. Mtu atauliza, je, orodha nayo ina historia? Ndiyo, inayo. Orodha hii iliwahi kutunzwa na ofisi moja tu kwa ajili ya mtandao mzima, ikakua hata ikaishinda ofisi ile, ikabidi ubuniwe mfumo mpya. Hata hivyo orodha yenyewe haikufa. Mpaka leo imo ndani ya karibu kila kompyuta inayoendeshwa na Linux, katika mabenki, katika hospitali na katika ofisi za wilaya. Na siku njia ya intaneti inapokatika, orodha hiyo ndogo yaweza kuamua kama wagonjwa wataandikwa katika rejista au watarudishwa nyumbani.

Kwanza tufahamu neno moja. Kompyuta mbili zinapotaka kuzungumza haziitani kwa jina. Huitana kwa anwani, na anwani hiyo ni namba, kwa mfano 192.168.1.20. Sisi wanadamu hatupendi kukariri namba. Mwulize mama anayeuza vitumbua sokoni namba ya simu ya mwanawe aliye mjini, hataitaja. Atafungua simu yake na kutafuta jina, na simu ndiyo inayoijua namba. Basi kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Mtu huandika jina, na mashine hutafuta namba ya jina hilo mahali fulani. Swali la somo letu ni hili tu: huitafuta wapi?

Twende Marekani, mwaka wa 1969. Mwaka huo ulianza mtandao ulioitwa ARPANET, kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Tarehe 29 Oktoba ujumbe wa kwanza ulipita kati ya Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles na taasisi ya utafiti ya Stanford iliyokuwa Menlo Park. Kabla mwaka haujaisha vituo vilikuwa vinne: hivyo viwili, cha tatu Santa Barbara, na cha nne Utah. Watu wanne wakiishi nyumba moja hawahitaji daftari la majina. Lakini nyumba ilianza kujaa.

Kila kituo kipya kilipoingia, vituo vingine vilikiandika katika orodha zao, na kila kimoja kilikiita kilivyopenda. Mashine moja ilikuwa na jina hili hapa, na jina lile kule. Mwezi wa Septemba 1971 Bibi Peggy Karp aliandika waraka mfupi akipendekeza kwamba majina yawe mamoja kwa wote. Waraka huo ni namba 226 katika mfululizo wa nyaraka ambazo wajenzi wa mtandao huandikiana tangu 1969 hata leo. Siku hizo hizo Jon Postel wa Los Angeles naye aliandika juu ya jambo hilo. Mtaliona jina la Postel mara nyingi mkisoma historia hii. Alikuwa mlinzi wa nyaraka hizo hata alipofariki mwaka wa 1998.

Kukubaliana majina ni jambo moja, na kuyatunza ni jambo jingine. Miaka miwili ilipita, na bado kila kituo kilikuwa na orodha yake, nyingine za zamani, nyingine zenye makosa. Desemba 1973 Peter Deutsch aliandika waraka wa 606 akilalamika waziwazi kwamba ni upuuzi kila kituo kutunza orodha yake mwenyewe, hali orodha rasmi imekwisha patikana. Alitaka orodha moja, iwekwe mahali pamoja, na kompyuta ziisome zenyewe. Hakungoja sana. Januari 1974 watu wa taasisi ile ya Stanford walijibu kwamba wako tayari kuitunza.

Faili hiyo iliitwa HOSTS.TXT. Ilikuwa maandishi matupu, ambayo mtu yeyote ajuaye kusoma angeweza kuyasoma: namba, jina, namba, jina. Ilitunzwa na Kituo cha Habari za Mtandao kilichokuwa ndani ya taasisi ile, na mkuu wake alikuwa Bibi Elizabeth Feinler, ambaye wenzake walimwita Jake. Bibi huyu hakusomea kompyuta, alisomea kemia. Alijiunga na kazi hiyo mwaka wa 1972, akakiongoza kituo mpaka 1989. Nataka wanafunzi wetu, na hasa akina mama walioacha shule mapema wakidhani kwamba mlango umefungwa, walitie moyoni jina lake. Kazi yake kubwa ilikuwa kupanga maandishi vizuri ili mwingine ayapate, kazi ambayo watu huidharau mpaka siku inapokosekana.

Kazi ilikwenda hivi. Chuo kikipata mashine mpya, mtu wa chuo alipiga simu au alipeleka ujumbe kwa Bibi Feinler na wenzake: tunaomba jina fulani. Wao wakatazama kama jina lile halijachukuliwa, wakaliandika, na mara moja au mbili kwa juma wakatoa orodha mpya. Kisha vituo vyote vikaichukua orodha nzima, vikaifuta ile ya zamani. Kulikuwa na sheria juu ya majina: jina lisizidi herufi 24, lisiwe na nafasi katikati, na herufi kubwa na ndogo zihesabiwe kuwa sawa.

Sasa chukueni kalamu. Tuone kwa nini mpango huu mzuri ulishindwa.

Tuseme mtandao una mashine 10. Orodha ina mistari 10. Kila mashine huichukua orodha nzima, basi mistari inayosafirishwa ni 10 mara 10, yaani 100. Mashine zikiwa 100, kila moja huchukua mistari 100, na jumla ni 10,000. Mmeona? Mashine zimeongezeka mara kumi, lakini mzigo umeongezeka mara mia. Andikeni hilo. Sasa tutazame hesabu halisi. Agosti 1981 mtandao ulikuwa na mashine 213. Agosti 1983 zilikuwa 562. Oktoba 1984 zilikuwa 1,024, na Desemba 1987 zilikuwa 28,174. Kwa mashine 213 mistari inayosafirishwa ni 45,369. Kwa mashine 1,024 ni zaidi ya milioni moja. Kwa mashine 28,174 ni karibu milioni 794, na hiyo ni kila inapotolewa orodha mpya. (Hapa walimu wasimamishe kidogo, wanafunzi wafanye hesabu ya mashine 562. Jibu ni 315,844.)

Mzigo haukuwa taabu pekee. Mtu akiingiza mashine yenye jina sawa na la mashine kubwa inayopitisha barua, barua zikapotea njia. Na orodha mpya ilipofika kituo cha mbali, mara nyingi ilikuwa imekwisha kuwa ya zamani, kwa kuwa mashine fulani ilihama juzi.

Jon Postel, wakati huo akifanya kazi katika taasisi ya Chuo Kikuu cha Southern California, alimpa kijana mmoja, Paul Mockapetris, mapendekezo kadhaa ya watu mbalimbali ayasome na kutafuta njia ya katikati. Mockapetris hakushika hata pendekezo moja. Alitunga mfumo wake mwenyewe. Aliutoa katika nyaraka mbili mwezi wa Novemba 1983, na mwezi wa Novemba 1987 zikatolewa nyaraka zilizourekebisha ambazo ndizo msingi hata leo. Mfumo huo huitwa D-N-S. Shabaha yake ni kugawa madaraka. Hapana tena ofisi moja yenye kujua majina yote. Kila eneo hutunza rejista ya eneo lake, na anayetaka jina huelekezwa, uliza pale, kisha uliza pale, mpaka afike kwa mwenye rejista. Ndiyo sababu majina ya Kenya huishia kwa nukta na herufi ke, tangu 1993, na ya Tanzania kwa nukta na herufi tz, tangu 1995.

Wengi wanaoandika habari hizi huishia hapo, kana kwamba daftari la zamani lilitupwa jalalani. Mimi naona hapo ndipo historia inapokuwa tamu.

Mwaka ule ule wa 1983, Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kilitoa programu kuu iliyoitwa 4.2BSD, ambayo ilienea katika vyuo vingi. Ndani yake palikuwa na faili ndogo iitwayo /etc/hosts. Kwanza ilikuwa mtoto wa HOSTS.TXT hasa, palikuwa na programu iliyoitwa htable, kazi yake kuichukua orodha kubwa na kuigeuza iwe katika umbo la faili hiyo. Kisha D-N-S ikaja, orodha kubwa ikafifia, lakini mtoto akabaki nyumbani. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipoanza Linux mwaka wa 1991, mfumo wake ulifuata desturi za jamaa hiyo ya Unix, na faili ikaingia pamoja na desturi.

Kwa nini ilibaki? Kwa sababu si kila jina ni la ulimwengu mzima. Katika kijiji watu wana majina ya cheti na majina ya nyumbani. Jina la nyumbani haliandikwi mkoani, na hapana haja. Tufikirie ofisi ya hospitali ndogo yenye mashine tatu: moja yatunza rejista ya wagonjwa, moja hesabu za fedha, na moja akiba ya dawa. Mashine hizi ziko chumba kimoja, zimeungwa kwa waya mmoja. Anwani zake ni za ndani, zile zinazoanza kwa 192.168 au kwa 10, ambazo tangu zamani zimetengwa kwa matumizi ya nyumbani na hazitembei nje. Je, ni akili kweli mashine ya fedha, ili kuijua mashine ya dawa iliyo hatua mbili kutoka kwake, iulize mji wa mbali kwa njia ya intaneti? Na mvua ikinyesha, njia ikakatika, mfamasia ashindwe kujua dawa zilizobaki, ingawa mashine zote ni nzima na umeme upo? Mambo ya namna hii hutokea. Wenye mashine hulaumu mtambo, kumbe mtambo hauna kosa; uliulizwa jina, na aliyelijua jina yuko ng'ambo ya njia iliyokatika.

Dawa yake ni mistari mitatu katika /etc/hosts. Kila mstari huanza na anwani, kisha nafasi, kisha jina. Kwa mfano:

192.168.1.20 rejista
192.168.1.21 fedha
192.168.1.22 dawa

Ukitaka jina refu na jina fupi, tanguliza refu, kisha fupi katika mstari ule ule. Mstari unaoanza na alama ya reli, yaani #, mashine hausomi; hapo ndipo mwenye akili huandika maelezo kwa ajili ya atakayekuja baada yake: mashine hii ni ipi, imeandikwa na nani, tarehe ipi. Faili hiyo haiwezi kubadilishwa na kila mtu, ila na msimamizi mkuu tu, na ni vizuri hivyo, maana ashikaye daftari la majina aweza kumpeleka mtu nyumba ambayo siyo. Wezi wamelijua jambo hili. Programu mbaya nyingine, zikiingia katika mashine, huandika mistari yao katika faili hiyo ili jina la benki liende kwenye anwani ya mwizi.

Katika faili hiyo mtakuta mstari mwingine ambao hamkuuandika ninyi: 127.0.0.1, na jina localhost. Maana yake ni mimi mwenyewe. Kila mashine ikiita anwani hiyo hujiita yenyewe. Katika Linux za jamaa ya Debian huwapo pia mstari wa 127.0.1.1 wenye jina la mashine. Watu wameufuta mstari huo kwa kutaka usafi, kisha wakashangaa mashine inalalamika kwamba hailijui jina lake yenyewe. Lakini yaweza kuleta shida ya kinyume vilevile. Programu fulani huuliza, jina langu lina anwani gani, ikajibiwa 127.0.1.1, ikakaa kusikiliza pale ndani peke yake, na mashine nyingine zikipiga hodi hazisikiki. Kama mashine ina anwani ya kudumu, mstari huo ubadilishwe uwe na anwani hiyo ya kudumu.

Sasa, mashine yenye daftari na yenye D-N-S pia, huanzia wapi? Hilo huamuliwa na faili nyingine, /etc/nsswitch.conf. Ndani yake mna mstari unaoanza na neno hosts, na baada yake maneno files na dns kwa mpangilio huo. Files ni daftari la nyumbani. Dns ni kuuliza nje. Lililotangulia huulizwa kwanza, na likiwa na jibu, la pili haliulizwi. Mpango huu ulianzia katika mashine za kampuni ya Sun, kisha Linux ikaupokea.

Hapa ndipo mafundi wengi huhangaika. Wakishaandika jina katika daftari, hulijaribu kwa programu iitwayo dig au nslookup, nazo husema jina halipo. Fundi akaamini amekosea, akafuta alichoandika. Lakini programu hizo mbili zilitengenezwa kwa kuuliza D-N-S tu; hazilifungui daftari hata kidogo. Ni sawa na kumwuliza karani wa mkoa jina la nyumbani la jirani yako. Tumia getent hosts, kisha jina. Hiyo hufuata mpangilio ule ule ambao programu nyingine za mashine hufuata. Ping nayo itakuonyesha.

Je, daftari hili halina ubaya? Linao, na ubaya wake ni ule ule wa mwaka wa 1973. Mashine tatu zahitaji madaftari matatu. Mashine ya dawa ikipewa anwani mpya, ni lazima madaftari yote yasahihishwe, na moja likisahauliwa litaendelea kusema uongo kwa miaka, tena kwa sauti ya uhakika, maana daftari huulizwa kwanza. Mimi nasema daftari la mkono lafaa kwa mashine zinazohesabika kwa vidole na zisizohama. Zikizidi hapo, iko programu iitwayo dnsmasq, iliyotungwa na Simon Kelley, Mwingereza. Huwekwa katika mashine moja, husoma /etc/hosts ya mashine hiyo, na kuwajibu wengine wote chumbani. Daftari linakuwa moja tena, kama la Bibi Feinler, ila la nyumba moja.

Na iko njia isiyo na daftari kabisa. Mashine hupaza sauti chumbani: nani anaitwa dawa? Na mwenye jina hujibu mwenyewe. Majina ya namna hiyo huishia kwa nukta na neno local. Kanuni zake ziliandikwa na Stuart Cheshire na Marc Krochmal wa kampuni ya Apple, zikatolewa rasmi Februari 2013. Katika Linux kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo Avahi. Ni njia nzuri kwa mashine za kupigia chapa na kwa nyumba za watu. Kwa mashine ya hospitali siipendi sana, kwa kuwa yeyote aliyeingia chumbani aweza kuitika jina lisilo lake. Zamani mafundi waliotunga majina ya ndani walijitwalia neno hilo la local katika D-N-S zao, na njia hizi mbili zikagongana. Anayetunga leo atumie neno internal, ambalo mwezi wa Julai 2024 shirika la ICANN, linalosimamia majina ya intaneti, lilitenga kwa matumizi ya ndani tu, lisiuzwe kwa mtu yeyote.

Kazi ya darasa kwa juma hili. Kwanza, kila mwanafunzi aandike orodha ya mashine tano za ofisi anayoijua au ya kubuni: anwani, nafasi, jina, na chini yake mstari wa maelezo wenye alama ya reli. Majina yasizidi herufi 24. Pili, wakae wawili wawili, mmoja abadilishe anwani moja bila ya kumwambia mwenzake, kisha waone ni madaftari mangapi darasani yamekuwa ya uongo. Tatu, wazungumze: katika hospitali ile ya mashine tatu, nani ashike daftari, na siku akihama kazi, nani ataambiwa mahali lilipo? Majibu ya swali la tatu yaletwe kwa mwalimu yakiwa yameandikwa, si kwa mdomo.

Juma lijalo, saa hii hii, tutaeleza jinsi mashine inavyopewa anwani yake asubuhi inapowashwa. Kwaherini.